Swali la Kuondoka

Glenys Direen hakupenda kuulizwa jambo mara mbili. Mama yake, kule Franklin, kijiji cha matufaha kando ya mto Huon, alikuwa mtu wa kuuliza: umefunga lango? Una hakika umelifunga? Hebu rudi ukaangalie. Glenys akakua akiapa kwamba siku atakayokuwa na usemi mahali popote, neno la mtu litachukuliwa kuwa neno, basi.

Usemi aliupata, ila kwa namna ambayo mama yake hakuielewa mpaka anaingia kaburini. Kazi yake ilikuwa kubuni vidirisha vya kompyuta, vile visanduku vidogo vinavyochomoza katikati ya skrini unapotaka kufunga kazi yako, vikikuuliza kama unataka kuhifadhi au la. Watu hudhani vinajizalia wenyewe. Hapana. Kuna mtu aliyekaa akafikiri kidirisha kiseme nini, vitufe viwe vingapi, kipi kikae kulia na kipi kushoto, na mtu akigonga ile alama ya X pembeni kitokee nini. Kwenye kampuni yetu mtu huyo alikuwa Glenys.

Tulikuwa wachache, juu ya duka la chipsi na samaki mtaa wa Hobart ya Kaskazini, na nguo zetu zote zilinuka mafuta. Tulitengeneza programu moja tu, iliyoitwa Wren, jina la kile kindege kidogo chenye kichwa cha buluu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Unachomeka maikrofoni, unabofya kitufe chekundu, unaongea, kompyuta inarekodi. Walioinunua walikuwa wahubiri, walimu wa muziki, na wazee waliotaka kuwaachia wajukuu hadithi zao. Kazi yangu mimi ilikuwa kuijaribu kabla haijatoka, kuibofyabofya ovyo kama mtu asiyejua kitu, na meza yangu ilitazamana na ya Glenys.

Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye miguu mikubwa aliyoitania mwenyewe kabla wewe hujaitania. Alikuwa ameolewa akaachika bila makelele. Aliishi Moonah na mbwa kiziwi. Sijawahi kumwona akipita karibu na kazi mbovu bila kuumia. Mlango uliokuwa na bango la "Sukuma" huku umewekwa mpini wa kuvutia ulikuwa unaweza kumharibia asubuhi nzima.

Zamani kidirisha cha kuondokea cha Wren kilikuwa na vitufe vitatu: Hifadhi, Usihifadhi, Ghairi. Kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kupokea simu za wateja, tulizipokea kwa zamu, na zamu ya Glenys ndiyo iliyoleta mabadiliko. Siku moja alikata simu akaniangalia.

"Mama mmoja wa Burnie ananiuliza 'Ghairi' inaghairi nini. Inaghairi kuondoka? Inaghairi kuhifadhi? Au inamghairi yeye mwenyewe?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia abofye tu aone. Akasema anaogopa. Fikiria! Mtu mzima, yuko sebuleni kwake, mbele ya kompyuta aliyoinunua mwenyewe, anaogopa kitufe. Hiyo aibu ni yetu, si yake."

Akakaa akakichora upya. Alikichora kwenye karatasi kwanza, kama kawaida yake, akifuta na kuchora tena, mpaka likabaki swali moja fupi: *Unataka kuondoka bila kuhifadhi?* Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana. Mkubwa wetu, Warwick Penglase, alikitazama akafurahi.

"Hiki safi. Hiki hata mama mkwe wangu ataelewa."

"Mama mkwe wako ana akili kukushinda," Glenys akamjibu, "ndiyo maana anakuogopesha."

Kulikuwa na jambo la pili alilolirekebisha mwaka huohuo. Unaporekodi, Wren iliiweka sauti kwa muda kwenye faili lililofichika ndani ya kompyuta. Mtu akiondoka bila kuhifadhi, faili lile lilibaki huko kama kifusi, na kompyuta za siku zile zilijaa upesi. Wateja wakanung'unika. Glenys akaandika amri ya kufagia: mtu akishasema hataki rekodi, ifutwe palepale, isibaki hata chembe. "Mgeni mwenye adabu hufagia alipolala," alisema. Simu za malalamiko zikapungua, na sote tukaona amefanya kazi nzuri. Na kweli alikuwa amefanya kazi nzuri, kwa yote tuliyoyajua wakati ule.

Halafu akapiga simu Clarrie Skeggs.

Ilikuwa asubuhi, mvua ya masika ya huku, ile inayopiga ubavuni kwa upepo. Zamu ya simu ilikuwa ya Glenys. Nilisikia upande wake tu, na mengine alinieleza baadaye, tena na tena, kwa hiyo nayajua yote kama niliyasikia.

"Samahani binti, sitaki kukusumbua," mzee alisema. "Nyie ndio wenye Wren?"

"Ndio sisi, baba. Tukusaidie nini?"

"Nimeirekodi sauti ya mke wangu, sasa siioni. Nadhani nimeiweka mahali pabaya. Mimi na mashine hizi, unajua tena. Nilikuwa dereva wa basi la shule, mimi."

Glenys akacheka kidogo, akachukua kalamu. Akamuuliza alirekodi lini, akaambiwa juzi mchana. Ilikuwa ndefu? Ndefu sana, mchana kutwa. Mke wake, Merle, alikuwa na saratani ya koo. Kesho yake, yaani jana, madaktari wa Hobart walikuwa wamemkata na kuondoa sehemu yote inayotoa sauti. Wote wawili, mume na mke, walikuwa wameambiwa mapema kabisa kwamba Merle hataongea tena maishani. Binti yao Rosslyn, aliyekuwa anaishi Perth, alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza baada ya kuhangaika miaka. Basi walinunua Wren ili Merle amwachie mjukuu sauti: nyimbo za kumlaza, habari za bibi yake na mama wa bibi yake, na maneno mengine ambayo Clarrie hakuyasikia kwa sababu alitolewa nje akakae na kuku.

"Alikuwa anaahirisha kila siku," Clarrie alisema. "Kesho, kesho. Mpaka ikabaki siku ya mwisho. Tukamaliza jioni, tunachelewa, hospitali wanatungoja. Nikafunga mashine."

"Ulifungaje, baba? Niambie polepole."

"Niligonga ile X ya pembeni."

"Kikatokea kidirisha?"

"Kilitokea."

"Kilisemaje?"

"Kiliniuliza kama nataka kuondoka." Akaongeza, kama anayejitetea kwa mwalimu, "Nikajibu ndiyo. Si kweli tulikuwa tunaondoka?"

Mimi nilimwona Glenys akiweka kalamu chini. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Usiiguse tena hiyo kompyuta. Izime. Nakuja."

Alinichukua mimi kwa sababu nilijua kidogo mambo ya kuchimba faili zilizofutwa. Tulichukua diski zetu, tukashika barabara ya kusini. Njia nzima Glenys hakuongea ila mara moja, tulipopita Franklin, karibu na shamba ambalo baba yake aliing'oa mitufaha yote miaka ile soko la Uingereza lilipokufa.

"Anavyosoma ndivyo watu wote wanavyosoma," alisema. "Wanasoma neno la katikati, wanaacha mengine. Nilipaswa kulijua hilo."

"Ulilijua. Sote tulilijua."

"Basi ni vibaya zaidi."

Clarrie alikuwa anatungoja mlangoni kwake Dover, mbele zaidi ya Franklin, amevaa tai. Tai! Alikuwa mzee mdogo wa umbo, masikio makubwa, mikono iliyozoea usukani. Meza ilikuwa imeandaliwa chai na keki ya matunda iliyonunuliwa, bado imo kwenye karatasi yake. Alimkazia macho Glenys.

"Direen umesema? Direen wa Franklin, wa matufaha?"

"Ndio, baba."

"Nilimbeba mdogo wako kwenye basi. Yule mtundu aliyekuwa anatapika kona ya Port Huon."

"Kevin. Bado anatapika."

Wakacheka wote wawili, na nilimwona Glenys akigeuza uso upesi kuelekea kompyuta, kwa maana kucheka pale kulimwuma.

Tulikaa chumba cha nyuma mchana wote, Clarrie akiingia na kutoka na chai tusiyoinywa. Sasa sikiliza. Faili likifutwa, sauti haiondoki palepale. Inabaki, ila mahali pake panahesabiwa kuwa wazi, na kitu kipya chochote kinaweza kuandikwa juu yake. Ndiyo maana Glenys alimwambia asiiguse. Lakini mzee alikuwa ameshaigusa. Kabla hajatupigia, alikuwa amejaribu kuona kama maikrofoni ni nzima. Akarekodi. Akajaribu tena. Akajaribu tena na tena, asubuhi nzima, peke yake, na kila mara akihifadhi kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza.

Kwa hiyo kila tulichochimba kilikuwa sauti yake yeye. "Moja, mbili. Moja, mbili. Hii inafanya kazi? Moja, mbili." Vipande kwa vipande, sauti ya mzee ikihesabu juu ya mahali alipokuwa mke wake.

Karibu tukate tamaa, kikatokea kipande kidogo kisichofunikwa. Glenys akakicheza bila kujua ni nini, na spika zilikuwa wazi. Sauti ya mwanamke, nene kidogo, yenye kukwaruza, ikasema: "...mlango wa banda la kuku umefunga?" Kisha ikakatika.

Clarrie alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Nimefunga, mama," akasema. Alilijibu kama alivyolijibu maisha yake yote. Halafu akaelewa alichokifanya, akaliweka sinia chini sakafuni, polepole, akakaa kando yake.

Hapakuwa na kingine. Tulitafuta mpaka jua likashuka, hapakuwa. Glenys akakiweka kipande kile kwenye diski, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Kisha akamwambia. Mimi nilimkonyeza asiseme, lakini alisema.

"Baba, lile swali niliandika mimi. Si kampuni. Mimi kwa mkono wangu."

Clarrie akamuuliza, "Ulikuwa na maana mbaya?"

"Hapana."

"Mimi niliwahi kurudi nyuma na basi nikavunja mguu wa mtoto wa mwalimu mkuu," alisema. "Sikuwa na maana mbaya. Kunywa chai, imepoa lakini ni chai."

Tuliporudi kazini, Glenys alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Warwick. Ukuta ule ulikuwa wa mbao tu, kila mtu alisikia.

"Nimehuzunika, Glen, kweli nimehuzunika," Warwick alisema. "Lakini kidirisha kilimuuliza. Akajibu. Kosa letu liko wapi?"

"Kilimuuliza swali langu, hakikumuuliza lake. Yeye alikuwa na swali moja tu kichwani: tutafika hospitali saa ngapi?"

"Haya, rudisha vile vitufe vitatu."

"Hata vitatu ni vilevile. Warwick, kwa nini tunamuuliza kabisa? Mtu aliyekaa mchana kutwa akiongea na mashine, anahitaji kuulizwa kama anayataka maneno yake? Nani alirekodi ili atupe?"

Alichokitaka ni hiki: Wren ihifadhi yenyewe tangu neno la kwanza. Ukigonga X, ifunge, kimya, bila swali, na ukirudi kesho ukute kila kitu kama ulivyokiacha. Anayetaka kutupa aende mwenyewe akatupe, kwa makusudi, na hata hapo kitu kikae kapuni mwezi mzima kabla hakijapotea. Warwick akasema kompyuta za watu zitajaa. Glenys akasema acha zijae. Walibishana wiki kadhaa. Mimi niliwahi kumwambia apunguze ukali, mtu wa watu yule Warwick, ana watoto watatu na kampuni yenyewe inachechemea. Akaniambia, "Wewe umeisikia ile 'moja, mbili'. Yeye hajaisikia." Mwishowe alishinda, kwa kuwa Warwick alichoka.

Merle aliporudi nyumbani kutoka hospitali, Glenys alikwenda kumwona. Tulikwenda wote. Nilidhani tutamkuta mgonjwa wa kitandani. Tukamkuta jikoni akikaripia sufuria kwa macho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa shingoni na kibao cheupe kifuani, kimefungwa kwa uzi, cha kuandikia na kufuta. Clarrie alimtambulisha Glenys, akaenda zake nje, nadhani kwa kuogopa.

Glenys alianza kusema maneno aliyoyapanga njiani. Merle akamwinulia mkono, akaandika kwa kasi: *Amekwambia nilisema nini humo?*

"Hapana, mama. Alisema ulimtoa nje."

*Nusu nilikuwa namsengenya.*

Mabega yake yakatikisika. Ilituchukua muda kutambua kwamba anacheka, kwa sababu hapakuwa na sauti yoyote, ni pumzi tu kwenye kile kitundu cha shingo. Glenys alijaribu kucheka akashindwa.

"Mama, nimekuja na fikra. Ungeandika yale uliyoyasema, au kumwelekeza Clarrie, au hata mimi ningekuja kila wiki tukae. Siwezi kurudisha sauti, lakini maneno tunaweza..."

Merle alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Akafuta kibao kwa kiganja, akaandika, akafuta, akaandika tena, kama Glenys na karatasi zake. Mwishowe akakigeuza.

*Hapana. Unajua ilivyo kuaga? Nimeshaaga. Siwezi mara ya pili.*

Glenys akasema, "Naelewa." Merle akamtazama kwa namna ya kusema huelewi, lakini si kosa lako, akamkatia keki.

Mtoto alizaliwa majani yalipoanza kubadilika rangi, wa kike. Rosslyn alimleta Dover akiwa na wiki chache. Clarrie alinisimulia kwamba Merle alimpakata mchana kutwa, hakutaka kumwachia mtu, akawa anampigia makofi madogomadogo mgongoni na kumpulizia hewa usoni, mtoto akatulia. Rosslyn akatoka akaenda kulia kwenye gari. Saratani ilikuwa imesharudi, imeshuka mapafuni. Merle akafariki katikati ya baridi, Clarrie akiwa amemshika mguu kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Clarrie alitutumia ujumbe tuje mazikoni. Kanisa dogo, watu wazima wengi waliokuwa wamepanda basi lake wakiwa watoto. Baadaye ukumbini, Clarrie, akidhani anafanya jambo jema, alimshika Glenys mkono akampeleka kwa binti yake.

"Ross, huyu ndiye Glenys, yule niliyekwambia. Aliyetuchimbulia ile sauti."

Rosslyn alikuwa na mtoto begani. Alikuwa na masikio ya baba yake na macho ya mama yake.

"Wewe ndiye uliyeandika lile swali," alisema. Hakuuliza.

"Ndimi."

"Mama alimwimbia mwanangu mchana mzima. Aliimba na lile koo lake lililooza, linamuuma. Na mmemrudishia mwanangu nini? Banda la kuku."

"Ross," Clarrie akasema.

"Niache, baba. Nijibu basi, wewe unayejua kuandika maswali. Nikimwonyesha picha akiniuliza bibi alikuwa anaongeaje, nimwambieje?"

Glenys angeweza kusema mengi. Kwamba ameibadilisha programu, kwamba halitatokea tena kwa mtu mwingine. Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Lingemsaidia nini yeye?" alisema. "Kwake limeshatokea."

Wren mpya ilitoka mwaka uliofuata, bila swali la kuondoka. Tulingoja watu waseme kitu. Hawakusema. Na kwa nini waseme? Hakuna anayepiga simu kushukuru kwa kitu ambacho hakikupotea. Mteja mmoja tu aliandika kulalamika kwamba kompyuta yake imejaa. Glenys aliibandika barua ile ukutani juu ya meza yake, na ndiyo sifa pekee aliyoipata kwa kazi bora aliyowahi kuifanya. Miaka michache baadaye kompyuta zote zikaanza kuja na kinasa sauti cha bure ndani yake, na Warwick akatuita, macho mekundu, akatuambia tufungashe virago.

Mimi nilikwenda kufundisha. Glenys alipata kazi katika idara moja ya serikali, akichora madirisha ya kujaza maombi ya leseni. Alikuwa hodari, lakini ule utani wa kwanza haukurudi. Alikuwa amekuwa mtu wa kuuliza. Tukienda kula pamoja angeniuliza kama nimefunga gari, tukishaketi angeniuliza tena, halafu angejishika mdomo. "Huyo ni mama yangu," angesema.

Kwa Clarrie hakuacha kwenda. Alikwenda Jumapili, si zote, lakini nyingi. Walikuwa wanatengeneza uzio, wanasikiliza kriketi redioni, wanabishana juu ya namna ya kupika viazi. Rosslyn akija kutoka Perth na binti yake, Clarrie angempigia Glenys kumwambia, kwa aibu, wiki hii usije. Naye hakuja. Ilikuwa hivyo miaka na miaka, wala hakuna aliyelizungumzia. Siku moja nilimwambia Glenys kwamba si haki. Akanijibu kwamba haki ndiyo hiyo, kwani mimi nilikuwa naitafuta wapi?

Clarrie alikufa akiwa mzee sana, usingizini, majira ya matufaha. Safari hii Rosslyn ndiye aliyetoa taarifa gazetini, na hakumwita mtu. Glenys alikwenda hata hivyo, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, nami kando yake. Alikusudia kutoka kabla ya ukumbini. Lakini mlangoni watu walikwama kwa ajili ya mvua, na tukajikuta tumesimama uso kwa uso na Rosslyn, sasa mwanamke wa mvi, na binti mrefu nyuma yake ambaye hakutujua.

Watu walipita kati yao wakifungua miavuli.

"Baba alikupenda," Rosslyn alisema.

"Nami nilimpenda."

"Mimi siwezi. Nimejaribu, usifikiri sijajaribu."

"Najua."

Rosslyn akavuta pumzi, akatazama mvua, akatazama viatu vya Glenys vilivyolowa.

"Chai iko ukumbini," akasema. "Kuna baridi. Nenda ukanywe."

Glenys alikwenda. Alikunywa akiwa amesimama, karibu na dirisha, bila maziwa kwa kuwa hakutaka kuvuka chumba kuyafuata. Hakuna aliyemsemesha. Alipomaliza akaosha kikombe chake kwenye sinki la jikoni, akakifuta, akakirudisha kabatini. Kisha tukatoka kwa mlango wa nyuma, nikaendesha mimi.